Wiki Niliyopoteza Sauti kwa Hiari Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha walimu baada ya masomo. Chai ya rangi, kitafunwa hakuna. Alikuja mshauri kutoka ofisi ya elimu kutufundisha namna ya kujitunza sisi tunaofundisha watoto wadogo. Tunywe maji. Tuvute pumzi kabla ya kuingia darasani. Tusibebe kazi zote kwenda nazo nyumbani. Na la mwisho: sauti ya mwalimu ni jembe lake, anayepiga kelele kutwa analivunja mpini. Mwalimu Stika aliandika kila neno, kwa kalamu za rangi mbalimbali. Mnafiki!

Huyu Mwalimu Stika anafundisha darasa la kwanza kama mimi, ukuta tu unatutenganisha. Jina nimempa mimi, maana hubandika stika za nyota kila mahali: madaftari, mabegi, hadi vipaji vya nyuso. Darasa lake limetulia kama maji ya mtungi. Akipiga makofi, watoto wanaitikia kwa makofi, kisha kimya. Nilijaribu na mimi. Wangu walidhani ni saa ya kwenda nyumbani. Wengine niliwakutia getini.

Mwishoni Mwalimu Mkuu akasema Jumamosi ni Siku ya Wazazi, anatafutwa wa kuongoza nyimbo za darasa la kwanza na kuwa mshereheshaji. Ghafla kila mwalimu akaona jambo la ajabu ndani ya kikombe chake. Mimi nilichelewa kuinama. Mwalimu Mkuu akaniambia nilale nikilifikiria, kesho nimpe jibu.

Nisimame mbele ya wazazi wote, niimbe!

Nimelifikiria. Jembe langu limevunjika mpini.

Jumanne, 4 Machi

Nilijifunga skafu ya mke wangu shingoni. Nikachukua kipande cha boksi na kuandika kwa herufi kubwa: SAUTI IMEKAUKA. NAAMBIWA NIPUMZIKE. Nani kaniambia, sikuandika. Mtu hasemi yote.

Mwalimu Mkuu alinihurumia mpaka nikaona haya. Kidogo. Nyimbo na ushereheshaji akampa Mwalimu Stika hapo hapo. Ushindi mweupe!

Kisha nikakumbuka nina darasa la kufundisha. Jasho likanitoka. Hawa watoto nikipaza sauti hawasikii, sembuse nikinyamaza? Niliingia, nikasimama mbele, nikainua kiganja. Basi. Sikuwa na la ziada.

Wakanitazama. Mmoja akawanong'oneza wenzake kwamba mwalimu kameza kitu. Mwingine akamnong'oneza huyo anyamaze, mwalimu anaumwa. Mnong'ono ukazunguka darasa zima, na hakuna aliyerudi kwenye kelele! Niliandika ubaoni, wakasoma kwa kunong'ona. Kufika mapumziko tulikuwa na lugha yetu. Kiganja juu, nyamazeni. Vidole viwili, shikeni penseli. Mikono mabegani, kaeni vizuri. Kidole kidogo, nenda chooni na urudi. Mwalimu Mkuu alifungua mlango akidhani darasa ni tupu.

Taabu ni nyumbani. Mke wangu na Mwalimu Stika wanasuka saluni moja. Linalosemwa kwangu jioni hufika shuleni kabla ya kengele ya asubuhi. Kwa hiyo nyumbani nako, kimya. Mke wangu alinipa pole, akanichemshia maji ya tangawizi, akakaa kunitazama. Akauliza kama mama yake anaweza kuja kukaa nasi mpaka mwisho wa mwezi. Nilipunga mikono yote miwili. Nilitikisa kichwa mpaka skafu ikafunguka. Akasema ahsante mume wangu, alijua nisingekataa.

Jumatano, 5 Machi

Leo limetokea jambo.

Darasani kwangu kuna binti anayekaa dirishani. Tangu shule ifunguliwe hajatamka neno. Mama yake anasema nyumbani ni redio, haizimiki. Shuleni, kimya. Nimejaribu kubembeleza, nimejaribu peremende, nimejaribu kumwita mbele ghafla. Hilo la mwisho lilimliza, nikaacha. Nilishamzoea hivyo, kama mtu anavyozoea saa ya ukutani iliyosimama.

Wakati wa mapumziko nilikuwa mezani nasahihisha. Mkono ukanivuta shati. Ni yeye. Akanisogelea sikioni.

"Mwalimu, yako imeenda wapi?"

Nikainua mabega. Sijui.

Akaniambia yake ikifika getini inashuka tumboni, inakaa humo mpaka saa ya kwenda nyumbani. Akanishauri nisiivute kwa nguvu, inaumia. Ana sauti nzito, kama ya bata mdogo. Nilitaka kupiga kigelegele. Niliing'ata skafu.

Alivuta kiti akakaa karibu nami mapumziko yote. Alinisimulia habari za mdogo wake aliyeota jino, za shangazi aliyeanguka kwenye beseni, za viatu vinavyombana ila hataki mama ajue. Mimi naitikia kwa nyusi. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimsikiliza mtoto mpaka akamaliza. Huwa namkatiza nimwambie akakae.

Mwalimu Stika alichungulia dirishani, akamwona anaongea. Uso ukamshuka. Hata yeye na nyota zake zote hajawahi kulipata hilo! Nilimpungia mkono.

Jumamosi mama yake atakuja. Nimejionea picha: binti anaimba, mama analia, Mwalimu Mkuu ananipa mkono. Nyimbo aongoze mwingine, sifa nizipokee mimi. Mipango ndiyo hiyo.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao tena. Inaundwa kamati ya ustawi wa walimu. Mwalimu Mkuu akanitaja kuwa mwenyekiti, maana mimi ni mfano hai wa mwalimu aliyeumia kazini. Akauliza kama nina pingamizi. Kipande changu cha boksi kilikuwa darasani. Kimya. Nimepita bila kupingwa.

Akauliza nani atasimamia foleni ya vyoo wiki ijayo, mwenye udhuru aseme. Kila mtu alisema. Mimi nilikohoa tu, ikaandikwa nimekubali.

Mwalimu Stika ananishuku. Alinikanyaga mguu, kisigino chote, akaomba radhi huku akinitazama mdomo. Nililia kwa ndani. Kisha akaniletea chupa ya tangawizi na ndimu aliyoichemsha mwenyewe, akasimama juu yangu mpaka nikaimaliza. Alisema dawa ni chungu kwa wagonjwa tu, wazima huiona tamu. Sikujua nikunje uso au nitabasamu. Nilifanya vyote viwili.

Darasani, neema. Binti wa dirishani amejipandisha cheo, sasa ni mkalimani wangu. Anasimama kando yangu na kutangaza ninachomaanisha. Leo alisema nimesema wafungue kitabu cha picha. Sikuwa nimesema hivyo, nilikuwa najikuna. Lakini walifungua, na somo likaenda vizuri kuliko nililopanga.

Jioni mama mkwe ameingia na godoro lake. Maana yake hana haraka ya kuondoka. Ameninywesha kitunguu saumu kibichi. Amemwambia mke wangu mume asiyesema ni zawadi, amshukuru Mungu, marehemu baba yake alisema mpaka siku ya mwisho.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Habari za darasa langu zilifika ofisi ya elimu. Asubuhi yule mshauri akaja tena, pamoja na Mwalimu Mkuu, kuangalia namna mpya ya kufundisha kwa ishara. Mwalimu Stika akajiunga nao, eti kujifunza. Wakakaa nyuma kwenye vile viti vidogo, magoti yakiwafika videvuni.

Lilikuwa somo la maisha yangu. Kiganja juu, kimya. Vidole viwili, penseli zote juu ya meza kwa pamoja. Binti akitangaza, sauti ya bata imejaa darasa, haogopi mgeni wala mwenyeji. Mshauri anaandika, anatikisa kichwa kwa furaha. Akasema amezunguka shule nyingi, hili hajaliona. Akauliza wazo lilitoka wapi.

Nilikuwa natafuta kipande cha boksi niandike jibu la unyenyekevu. Mwalimu Stika akasimama. Akasema kwa sauti laini kabisa kwamba ishara zote ni zake, alinifundisha yeye, Jumatatu jioni, baada ya kuona darasa langu linavyonishinda.

"Uongo mtupu! Ni zangu! Nimezitunga mimi, kichwani mwangu, peke yangu!"

Nani huyo kapiga kelele? Mimi. Kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Dirisha lilitetemeka.

Kisha watoto wakalipuka kwa makofi. Mwalimu kapona! Mwalimu Mkuu naye akapiga makofi, akamshukuru Mungu hadharani, akasema basi na ratiba ya kesho irudi kwa mwenyewe. Mwalimu Stika alikuwa amekuja na faili la nyimbo kwapani. Alikuja nalo! Akanikabidhi, akanibandika nyota kwenye skafu.

Binti hakupiga makofi. Alinitazama kama mtu aliyeachwa njiani na mwenzake. Akarudi dirishani, akakaa. Nikamwita kwa jina lake. Nikainama kumnong'oneza. Hakuna. Ilikuwa imeshuka tumboni.

Nimekula chakula cha jioni bila hamu. Nilimwambia mke wangu chumvi imezidi. Akasema tu, "Ooh, karibu tena."

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wazazi. Viti uwanjani, vipaza sauti vinavyolia kama mluzi, mimi na faili langu. Nilimkaribisha mgeni rasmi kwa jina la mtu mwingine. Nilitangaza mapumziko kabla hatujaanza. Wazazi walidhani ni utani, wakacheka, nikawaacha wadhani.

Ikafika zamu ya darasa la kwanza. Ilikuwa waimbe wangu kwanza, kisha wa Mwalimu Stika. Binti alikuwa mstari wa mbele, mdomo kaufunga kama mkoba. Mama yake kakaa viti vya mbele, kavaa vizuri, kashika simu juu tayari kupiga picha. Nilichuchumaa mbele ya yule mtoto. Nilitaka kusema jambo la maana. Akanitangulia, kwa mnong'ono mdogo kuliko wote.

"Yako ilitokaje?"

Nikamwambia nilikasirika. Ikatoka yenyewe.

Akafikiri. Akasema yeye hana hasira.

Nikarudi kwenye kipaza sauti, nikahesabu, wakaanza. Ubeti wa kwanza, yeye kimya. Sasa Mwalimu Stika, kwa haraka yake ya kuonekana, akawaongoza watoto wake kupanga mstari mbele kabisa, wangu wakiwa bado wanaimba. Warefu wote kawatanguliza. Ukuta wa vichwa vyenye nyota. Nikamwona mama yule anajinyoosha huku na huku na simu yake, haoni kitu.

"Tokeni hapo! Mama yangu hanioni!"

Bata aliyekomaa! Mpaka mlinzi wa geti aligeuka. Mstari wa Mwalimu Stika ukakatika katikati kama uzi. Watoto wangu wakaacha kuimba kwa mshangao. Yeye hakuacha. Kwa kuwa mdomo ulishafunguka, akaimba wimbo wote, ubeti wa pili hata wa kwanza alioukosa, peke yake, nje ya tuni. Wenzake wakamdandia mmoja mmoja. Mama yake simu ilimponyoka. Hakuiokota.

Walipomaliza uwanja mzima ulisimama. Mwalimu Mkuu akanipa mkono, akaniuliza nilitumia mbinu gani. Nikasema ni uvumilivu na upendo. Mwalimu Stika alikuwa karibu, akasikia. Alikohoa sana.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala mpaka jua limepanda. Nimemwambia mke wangu ukweli wote, kwa kuwa nilikuwa na furaha, na furaha inalegeza ulimi. Akaendelea kukunja nguo. Akasema anajua tangu Jumanne. Kila nikilala naongea, tena kwa ufasaha, nagombana na Mwalimu Stika kuhusu makofi.

Nikauliza kwa nini basi hakuniumbua. Akasema nyumba ilitulia, na mama alihitaji mahali pa kukaa. Halafu akaongeza, bila kuniangalia, kwamba jioni zile nilikuwa namsikiliza.

Mama mkwe kutoka chumba cha pili akasema afadhali zile siku za kimya.

Jumatatu, 10 Machi

Binti wa dirishani ameongea tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Nimemhamisha kiti mara kadhaa. Haisaidii, anapata marafiki wapya kila anapofika. Nilipiga kelele leo, nyingi. Zile ishara bado zinafanya kazi, watoto wenyewe wananikumbusha, wananiinulia kiganja ninyamaze.

Nimekaa nikajitathmini, kama mshauri alivyotufundisha. Kosa langu nimeliona. Nilichagua kiungo kibaya. Mdomo ni msaliti, mtu akikuudhi unafunguka wenyewe. Sikio je? Nani anaweza kuchungulia ndani ya sikio la mwenzake akaona kama linasikia?

Kikao cha jioni nimeingia na pamba masikioni, mbili nene. Utulivu mtamu! Mwalimu Mkuu alisema maneno marefu. Sikushika hata moja. Mwalimu Stika akasimama, akaninyooshea kidole, akaongeza maneno yake. Wote wakanigeukia. Mwalimu Mkuu akaniuliza kitu. Nikatabasamu kwa upole na kutikisa kichwa juu na chini, kama wafanyavyo wasiosikia vizuri.

Wamepiga makofi muda mrefu. Wengine wamenikumbatia, mmoja alikuwa na machozi. Mwalimu Stika amenibandika nyota tatu.

Nimekubali nini, sijui. Lakini la sikio limeaminika kabisa.