Kifungo cha Kipepeo Kwenye Mkono wa Yasini

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mgongo umekufa. Tumebomoa bafu la nyumba kubwa huko Houghton, na nyundo nzito nimepewa mimi, kwa sababu msimamizi anasema nina sura ya nyundo. Lakini leo simlaumu mtu. Nyuma ya beseni la kuogea nimeokota saa! Saa ya mkono, ya Uswisi, nyembamba kama biskuti. Ukiitikisa inatembea yenyewe. Mkanda wake wa ngozi tu ndio umeliwa na ukungu.

Nikampelekea mama mwenye nyumba. Akaitazama kama mtu aliyeonyeshwa panya. Akasema ni ya mume wake wa kwanza, aliyeondoka na mwalimu wa kuogelea, na nisipoichukua ataitupa kwenye zege. Nikamwomba aniandikie hayo kwenye karatasi, maana polisi wa mji huu wakikuta saa kama hii kwenye mkono kama huu hawatasikiliza hadithi. Akaandika. Mwalimu wa kuogelea naye akamtia humo, na maneno ambayo sitayarudia hapa.

Saa imekuja kwa wakati wake. Jumapili hii Mzee Abdulrahman anapokea posa yangu kwa binti aitwaye Mwanaharusi. Yeye ndiye mjomba wake, na katika Johannesburg nzima ndiye mzazi wake. Mwanaharusi anauza vitambaa kwenye duka la Msomali pale Mayfair, na nikipita hunipimia kitambaa ambacho sinunui. Tunaelewana. Tatizo ni mjomba. Mjomba ni Mzanzibari wa kukunja pembe za leso. Mimi ni mbeba matofali wa Tanga niliyeishia darasa la tano.

Na tatizo lingine ni Twalib, naye anamposa. Anauza simu, ananukia, na amevaa saa inayomhesabia hatua zake. Mwanaume gani anahesabiwa hatua? Mimi hatua zangu nazijua, zinaniuma.

Jumanne, 6 Mei

Baada ya kazi nimekwenda Newtown kwa Marcellin, fundi wa ngozi, Mkongomani wa Bukavu. Akavaa miwani, akaigeuza saa, akapiga mluzi. Akaniuliza nimeiba kwa nani. Nikamwonyesha karatasi. Akaisoma mpaka mwisho, akacheka, akasema, "Pole kwa huyu mama."

Mkanda wa ngozi nyeusi yenye magamba ya mamba anao. Mamba wa kweli au wa kiwandani sikuuliza, naye hakuapa. Kazi ikawa kwenye kifungo. Kumbe mkanda wa saa nao una mambo yake! Marcellin akanipangia aina tatu mezani. Ya kwanza ni bizimu ya sindano na matundu, kama ya mshipi wa suruali. Ya pili ni ya bamba moja linalojikunja. Ya tatu inaitwa kipepeo. Mabawa mawili yanakutana katikati, yanafunga "tak", na kwa nje huoni kitu, kama vile mkanda umezaliwa hauna mwanzo wala mwisho.

Marcellin akanishauri nichukue ya sindano. Aliniambia, "Mon cher, ya sindano iko mtu mzuri, inaingia mkono yote. Kipepeo inajua mkono moja tu. Nakata ngozi kwa kipimo yako, basi, imekwisha."

Nikamwambia sindano ni ya walimu wa shule ya msingi. Nataka ile ya tak.

Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mkono wangu naujua tangu utoto na haujawahi kubadilika. Akanipima. Mkono mwembamba, akasema, kama wa mpiga fidla. Nikafurahi njia nzima, mpaka kwenye robot, taa za barabarani, ya mwisho kabla ya nyumbani, ndipo nilipoanza kujiuliza kama ile ilikuwa sifa.

Alhamisi, 8 Mei

Saa imekamilika! Tak! Nimeifunga na kuifungua mpaka Yasini amenitishia mwiko.

Yasini ndiye ninayekaa naye hapa Bellevue, chumba kimoja, pazia katikati. Ni mpishi kwenye hoteli moja huko Mayfair, mtu mzima, mnene, mcha Mungu, wa Tanga kama mimi. Nilipofika mji huu sijui hata teksi inasimamishwa kwa kidole gani, yeye ndiye aliyenipa godoro.

Nimefanya mazoezi ya Jumapili. Naingia, nasalimia, nakaa. Kahawa inaletwa. Nanyoosha mkono polepole. Mkono wa shati unapanda. Mzee Abdulrahman anaona. Najifanya mkanda unanibana, tak, nafungua, tak, nafunga. Mzee anakohoa na kusema, huyu kijana kumbe.

Nimerudia hadi kikombe kimemwagika kitandani.

Ijumaa, 9 Mei

Balaa!

Nimemweleza Yasini mpango mzima wakati anapiga pasi kanzu yake. Akaacha pasi. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa, hiyo Jumapili mimi nakwenda wapi. Nikamwambia nakwenda kuposa.

Akasema, "Bakiri mwanangu, umeona wapi mtu akaenda kujiposea mwenyewe? Kama anakwenda kununua mkate duka la spaza?"

Eish. Kweli. Anayekwenda ni mshenga. Mwenye kuposa anakaa mbali na anaomba dua. Nyumbani ningekuwa na baba, baba wadogo na jirani wa kunikumbusha haya. Huku kote nina Yasini, na mshenga mwenyewe ndiye yeye. Nilimwomba tangu mwezi uliopita! Nilimwomba nikasahau maana yake.

Basi nani ataiona saa?

Nimewaza huku nikitafuna. Jibu limekuja na kipande cha pili cha muhogo. Saa itakwenda na Yasini! Mshenga mwenye saa kama ile anatoka kwenye ukoo wa watu. Atasema, "Ndiyo, sisi kwetu kila mtu anayo." Yasini amekataa. Nimemsihi. Amekataa tena. Nikamwambia Twalib amemtafuta mshenga mwenye gari. Akanyoosha mkono.

Mkono wa Yasini ni mchi wa kinu. Mabawa ya kipepeo hayakukaribia hata kuonana.

Jumamosi, 10 Mei

Asubuhi mbio hadi Newtown, Marcellin aniwekee ile bizimu ya sindano na mkanda mrefu. Kibanda kimefungwa. Nimeuliza, nikaelekezwa kwake. Nimemkuta mlangoni amevaa suti ya kijivu, Biblia kwapani, na mkewe Clémentine amevaa kofia kubwa kama sinia.

Kumbe Marcellin ni Msabato. Akaniambia leo hashiki chombo. Nikamwambia ni kazi ya dakika tu. Akasema, "Hata ungeniletea saa ya Farao, leo hapana." Nikamweleza habari ya mchumba. Clémentine akasikitika sana, akaniahidi kuniombea. Nikamwuliza kama maombi yanaweza kurefusha ngozi. Marcellin akanifungia mlango, lakini kwa upole.

Jua likizama, au kesho mapema je? Jua likizama tu wanakwenda Pretoria, kwenye harusi ya kesho.

Jioni nimepata akili. Sabuni! Nimempaka Yasini sabuni ya kufulia mkononi, nikambana kwa goti, yeye akavuta pumzi ndani kana kwamba pumzi inakaa kwenye kiganja. Tak! Imefunga! Imekaa kama imepakwa rangi. Yasini akasema hahisi vidole. Nikamwambia ni baridi, Mei hii. Tumeivua kwa taabu, na ngozi kidogo imebaki. Ya Yasini, si ya mamba.

Nimemwambia kesho tunaivaa dakika ya mwisho.

Jumapili, 11 Mei

Naandika kabla sijavua hata viatu.

Tulikwenda Mayfair mchana. Saa tulimvalisha kwenye uchochoro nyuma ya duka la vitambaa. Sabuni, goti, tak. Yasini akaingia kwa Mzee Abdulrahman akiwa ameshika mkono juu, kama anayeapa. Mimi nikabaki ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha kinyozi, naomba dua.

Nilichohadithiwa ni hiki. Mazungumzo yalianza vizuri. Mzee aliiona saa mara moja. Akaisifu. Yasini akasema kama nilivyomfundisha, kwamba sisi kwetu kila mtu anayo. Mzee akauliza kijana anafanya kazi gani. Yasini, ambaye hasemi uongo kama hakufundishwa, akasema anabeba matofali. Mzee akaitazama tena saa. Kisha ikaadhiniwa alasiri, naye akasema tuswali kwanza, maneno matamu yatangoja.

Kuswali ni baada ya kutawadha. Kutawadha ni maji yafike kila mahali, na chini ya mkanda wa saa ni mahali.

Sikulifikiria hilo. Mimi!

Yasini akabonyeza. Hapabonyezeki. Mkono ulikuwa umevimba, nyama imefunika vitufe vya pembeni vya kufungulia, na kipepeo amelala ndani kama yuko kwake. Wakajaribu mafuta ya nazi. Wakajaribu samli. Mzee mwenyewe, kanzu imekunjwa, alivuta huku na Yasini akivuta kule, na wake wa majirani wakachungulia.

Mimi nikapigiwa simu. Mwanaharusi! Akasema, "Bakiri, njoo haraka, mshenga wako mkono umekuwa rangi ya biringanya."

Nikavuka barabara bila kutazama. Nikaingia nyumba ambayo sikutakiwa kuonekana. Yasini amekaa kwenye kigoda karibu na bomba, jasho linamtoka, midomo inasoma dua. Na Mzee Abdulrahman ameshika mkasi wa kukatia vitambaa, ameshaufungua.

Nikapiga kelele, "Msikate! Saa yangu!"

Mzee akanitazama mimi, akaitazama saa, akamtazama Yasini. Akauliza kwa sauti ndogo kama mimi ndiye yule ambaye kwao kila mtu anayo.

Hapo Yasini akaninong'oneza nisijali, tujaribu samli tena, anaweza kuvumilia. Alisema hivyo na macho yamemjaa machozi. Nikauona mkono wake. Ndio mkono ulionipa godoro. Nikamnyang'anya Mzee mkasi, nikaukata mkanda mwenyewe, mamba na kila kitu. Kipepeo akaruka, akagonga ndoo, akatumbukia kwenye tundu la maji machafu.

Yasini akatoa pumzi ambayo nadhani aliishika tangu jana.

Mzee Abdulrahman akaanza kukohoa. Nilidhani ni hasira. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Akasema alikuwa ameshaamua kutukataa, kwa sababu mbeba matofali ambaye ukoo wake mzima unavaa saa za Uswisi, huyo ni mwizi au ni mshirika wa mwizi. Nikampa karatasi ya mama wa Houghton. Akaisoma kwa sauti. Alipofika kwa mwalimu wa kuogelea akalazimika kuanza upya. Akasema sasa ameelewa kuwa mimi si mwizi, ni mjinga tu, na ujinga mwanamke anaweza kuishi nao, marehemu mkewe aliishi na ujinga wa Mzee mwenyewe kwa raha kabisa.

Tukaswali. Kisha akaenda nyuma ya pazia kumwuliza mwenye jambo lake. Mwanaharusi hakumnong'onezea mtu. Nilimsikia kutoka sebuleni. Amekubali! Ila siku ya nikaha nije na mikono mitupu. Saa hapana, pete hapana, bangili hapana, chochote cha kung'aa hapana. Anataka kuiona mikono aliyoizoea.

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Yasini akalia tena, safari hii kwa kawaida.

Jumanne, 13 Mei

Mwili hauumi kabisa leo. Matofali mepesi kama mikate. Msimamizi ameniuliza kama naumwa.

Nimeifikiria sana Jumapili, na nimejifunza. Nikiangalia vizuri, nani ameniozesha? Kipepeo! Ningechukua bizimu ya sindano kama alivyotaka Marcellin, Yasini angeivua bomba likiwa bado linafunguliwa, Mzee asingecheka, na tungekataliwa kwa heshima tukapewa kahawa ya kuagia. Kwa hiyo mtu asinishauri tena mambo ya kawaida.

Twalib amekuja kunipongeza. Amenishika mkono kiungwana, hata nimeona haya kwa niliyoyasema juu yake. Akaniuliza siku ya nikaha nitavaa nini. Nikamwambia mikono mitupu, nimeahidi. Akasikitika. Akasema kwenye picha watu hawatazami mikono hata hivyo, wanatazama tabasamu, na kwamba yupo fundi hapa hapa Bellevue anayeweka jino la fedha mbele, linang'aa mpaka nyuma ya msikiti.

Nimelitafakari. Ahadi ni ahadi, sitaivunja. Mwanaharusi alitaja saa, pete na bangili. Alisema mikono. Meno hakuyataja, na kile "chochote cha kung'aa" nina hakika kilikuwa cha mikononi.

Nimepita kwa huyo fundi jioni. Aina ni tatu. Kuna la kuvaa na kuvua, kuna la kubandika, na kuna la kupigiliwa ndani, ambalo anasema halitoki tena maisha. Amenishauri nianze na la kuvaa na kuvua, nimwonyeshe mchumba kwanza.

Nimemwambia hilo ni la walimu wa shule ya msingi. Kesho saa kumi na moja jioni nakwenda kupigiliwa.