Vita Vyangu na Ken, Mpiga Ngoma wa Umeme

Jumatano, 3 Februari 1982. Newcastle.

Mazoezi gereji kwa Darryl Hocking, saa kumi na mbili jioni. Darryl kaja nywele zimefunika jicho moja. La pili kalipaka wanja. Gitaa hana. Ameliuza, pamoja na spika ambazo mimi na yeye tumezibeba miaka kumi na moja katika baa mia moja na arobaini, kila moja ikiwa na zulia linalonasa viatu. Sasa ana vinanda viwili na kidude cha kijivu, ukubwa wa boksi la viatu.

Alitangaza kwamba roki imekufa. Nikamuuliza imekufa lini, maana Jumamosi ilikuwa hai na ikatupiwa glasi. Akasema bendi yetu, Nyundo Nzito, kuanzia leo inaitwa Umeme Baridi. Jumamosi ya tarehe 13 anakuja mtu wa televisheni kutoka Sydney kututazama Hoteli ya Reli. Akitupenda, tunahamia Sydney.

Kisha akabonyeza kidude. Kikapiga ngoma. Chenyewe!

Trevor Skerritt, mwimbaji wetu, aliuliza kama kinakunywa. Darryl akasema hakinywi, hakichelewi, hakibishi. Skerritt akanitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Wamekipa jina: Ken. Mimi nimeambiwa nitabaki "kwa sasa". Onyesho likiisha wataamua, maana bendi haihitaji wapiga ngoma wawili.

Nina siku kumi. Ken ana waya mmoja wa umeme. Tutaona.

Ijumaa, 5 Februari.

Mpango wa kwanza: bia. Nusu glasi ndani ya Ken, Darryl akiwa chooni. Ken akakohoa, akanyamaza sekunde nne, akaanza tena kwa sauti ya mtu anayepiga bati ndani ya kisima. Darryl alitoka mbio, suruali haijafungwa. Akasema hiyo ndiyo sauti anayoitafuta tangu Krismasi! Akanikumbatia.

Hasara: nusu glasi ya bia nzuri.

Jumamosi, 6 Februari.

Hoteli ya Reli. Kwa mzaha, Skerritt alikuwa anamwagizia Ken bia kila raundi na kuiweka kaunta mbele yake. Nilizinywa mimi, zisiharibike. Raundi ya tano nikapata wazo. Nikapanda kiti, nikawatangazia watu wote wa kiwanda cha chuma waliokuwa wakinywa humo kwamba huyu Ken amenunuliwa raundi tano na hajanunua hata moja.

Baa nzima ikaweka glasi chini. Katika mji huu mtu anaweza kuiba gari akasamehewa. Kukwepa zamu yako ya kuwanunulia wenzako raundi, hapana. Merle Duggan, mwenye hoteli, alimfungia mlango shemeji yake mwaka 1974 kwa kosa hilo, na alipokufa, Merle alihudhuria mazishi akiwa amesimama nje ya uzio. Akaja. Akamtazama Ken juu mpaka chini, safari fupi. Akauliza kama ni kweli.

Darryl akainua kifuniko cha Ken, akachomoa noti alizokuwa amezificha humo. Akasema Ken ni mwenye haya, alikuwa anangoja kuulizwa.

Ken akainywesha baa nzima! Clarrie Maddern wa tanuru la tatu alimpigapiga kifuniko, akasema huyu sasa ndiye mwanamume, si kama watu fulani. Merle akauliza raundi inayofuata ni ya nani. Nyuso arobaini zikanigeukia. Nikakumbuka haja ndogo.

Dirisha la choo cha Hoteli ya Reli limepungua tangu 1979. Walinivuta kwa miguu.

Jumatatu, 8 Februari.

Merle amenipiga marufuku kaunta mpaka ninunue raundi. Jukwaani ninaruhusiwa. Ken amewekewa kiti chake.

Habari njema: Darryl anaogopa unyevu wa gereji utamdhuru Ken, kwa hiyo amemleta akae kwetu hadi Jumamosi. Mama, ambaye ninaishi naye kwa muda tangu 1971, alimpokea vizuri. Akamfunika kitambaa alichofuma mwenyewe. Akasema huyu ndiye mgeni wangu wa kwanza asiyeacha taulo sakafuni.

Adui yuko sebuleni kwangu!

Mpango wa tatu ndio huu. Mtu wa televisheni anataka mdundo baridi, wa kisasa. Basi nitamfundisha Ken mdundo wetu wa zamani, wa jasho, niliokuwa napiga mimi enzi za Nyundo Nzito. Wote! Hata ile sehemu ninaposimama ghafla sekunde thelathini ili Merle aendeshe bahati nasibu ya nyama, ambayo mshindi huondoka na sinia zima. Mtu wa Sydney atasikia harufu ya mafuta ya kukaangia na kukimbilia treni. Mimi nitajifanya nimeteguka mkono, nikae mstari wa mbele, vijiti vya ngoma ndani ya buti. Ken akiporomoka, wataniita.

Sioni kasoro yoyote.

Alhamisi, 11 Februari.

Siku ya tatu ya kumfundisha Ken. Vitufe kumi na sita, kitabu cha maelekezo cha Kijapani. Mama anatazama michoro na kubonyeza ninapomwambia. Ameuliza kwa nini simwachii Ken apige anavyojua. Nimemjibu kwamba haya ni mambo ya kitaalamu.

Leo tumemwekea ule mdundo wa kufungia onyesho. Mimi ulinichukua miaka sita kuupata. Ken aliupata mara ya kwanza. Nikala vipande viwili vya keki ya nazi, nikalala mapema.

Jumamosi, 13 Februari.

Onyesho. Bendeji mita mbili. Darryl alinipa pole kwa uso wa mtu aliyeokota pochi.

Watu wa kiwanda walikuja kuzomea wanja. Wimbo wa kwanza, wa vinanda tu, wakazomea hasa. Wakamwambia Skerritt arudishe blauzi ya dada yake. Wimbo wa pili Ken akaingia na mdundo wangu. Clarrie alikatisha zomeo lake katikati, akatazama miguu yake kama ya mtu mwingine. Ilikuwa inacheza. Wimbo wa nne baa nzima ilikuwa hewani, na pale zulia lilipokataa kuachia, viatu vilibaki.

Ndipo Ken akasimama ghafla.

Nikainuka, vijiti mkononi. Wakati wangu! Merle akapita mbele yangu, akashika maikrofoni, akachota tiketi ya bahati nasibu ya nyama. Mshindi: Ken. Tiketi Merle alimpa mwenyewe, bure, kwa kuwa hakwepi raundi. Wakamwekea sinia juu ya kifuniko: soseji kumi na mbili na mapaja mawili ya kondoo. Sekunde ya thelathini Ken akaanza tena, soseji zikirukaruka kwa mdundo. Ukumbi ulipiga mayowe. Mama mmoja nyuma yangu alinivuta shati, akasema nikae chini, baba, ninamzibia Ken.

Mtu wa televisheni alivaa suti ya rangi ya waridi. Alisema hajawahi kusikia mashine inayotoka jasho. Alikuwa anafuta machozi.

Jumapili, 14 Februari.

Saa nne asubuhi Darryl na Skerritt walikuja nyumbani, nyuso kavu. Darryl akauliza nani amemchezea Ken. Akasema ndani ya Ken hakuna hata mdundo mmoja aliouacha yeye. Akasema mtu wa televisheni anamtaka huyo aliyefanya hivyo: atakuwa mwanabendi kamili, atakwenda Sydney, jina lake litaandikwa kwenye sahani ya santuri.

Nikanusa mtego. Mimi si mtoto wa jana. Anayeuliza nani amechezea kitu chake anatafuta wa kumpiga. Nikainua bendeji, nikawauliza kwa mkono huu ningebonyezaje. Ilikuwa hoja nzuri sana. Darryl akakubali. Nikaona nimalizie kabisa: nikasema vitufe vyote vilibonyezwa na Mama.

Mama akasema ni kweli, alibonyeza yeye.

Wamemchukua Mama.

Jumatatu, 15 Februari.

Ameondoka na treni ya saa tatu asubuhi, Ken mapajani. Ameniachia mchuzi wa kondoo wa Ken na maelezo ya mashine ya kufulia, kurasa mbili. Skerritt alimbebea sanduku. Mimi hajawahi kunibebea hata kijiti.

Alhamisi, 18 Februari.

Saa nane mchana Mama kapiga simu kutoka Sydney. Ken amezimika! Joto la taa za studio. Kurekodi ni Jumamosi, na fundi anasema wiki tatu. Darryl anaulizia mkono wangu. Nikifika kabla ya kesho jioni, nafasi ni yangu, ya kudumu. Nisipofika anachukua kijana wa huko huko. Mama akasema, "Mwanangu, sema tu umepona, panda treni."

Mtego mwingine! Ukikubali mara ya kwanza, wanakuona wa bei rahisi. Lazima wabembeleze. Nikamwambia mkono haukupona, umekatwa.

Mama akauliza upi. Nikasema yote miwili, ili jambo lisiwe na mjadala. Akauliza sasa simu nimeishika na nini.

Nikakata simu.

Watapiga tena, hilo halina shaka. Masharti yangu yako tayari: jina langu juu ya la Ken, kiti chenye mto, na Skerritt aombe radhi.

Saa kumi simu imelia. Nimeiacha ilie mara ishirini na mbili. Waone kwanza kwamba nina shughuli.