Goti la Sentimita Arubaini na Tatu

Jumatatu, 1 Septemba
Goti la kulia limevimba. Nimelipima kwa futi yangu ya kushonea: la kushoto sentimita 37, la kulia 43. Sita za bure! Na Ijumaa Mzee Nyange wa Vitongoji anataka kuniona kabla hajajibu posa yangu kwa bintiye, Moza. Haidar naye kaposa hapo hapo. Haidar, asiyejua kushona hata kifungo, magoti yake yote mawili mazima! Mimi, niliyejifunza cherehani peke yangu, ndiye wa kuchechemea. Nimejikatia kanzu pana. Tatizo limekwisha.

Jumatano, 3 Septemba
Macho mekundu, mwanga unachoma. Haja ndogo inaunguza kama pilipili. Dada Zulekha kauliza kama si ile biriani ya harusi iliyolala, niliyoila nikaharisha siku nne. Nikamjibu hiyo ni siku kumi na tisa nyuma, na tumbo haliko gotini. Nimenunua miwani myeusi.

Ijumaa, 5 Septemba
Kwa Mzee Nyange. Kuketi mkekani, dakika mbili. Kuinuka, watu watatu. Msalani mara tano kabla ya kahawa. Mzee kaniomba nivue miwani, kayaona macho, kaniuliza kwa upole: mwanangu, unavuta nini? Haidar, aliyepita hapo kwa bahati tu, eti, kanishauri nitafute mjane wa rika langu.

Jumamosi, 6 Septemba
Zulekha kaniburura hospitali. Nilitaja goti tu. Yeye akamwaga yote: macho, mkojo, tumbo. Mbele ya foleni! Daktari kasema ni ugonjwa mmoja. Vijidudu vya tumboni vikishapita, kinga ya mwili huweza kugeukia viungo, hata wiki nne baadaye. Kanipa dawa, kasema nipumzike, na likizuka jingine lolote nirudi upesi, nisifiche. Mtu mzuri, ila mdadisi.

Jumanne, 9 Septemba
Zulekha kamweleza Mzee Nyange kila kitu. Fedheha! Lakini Moza kapiga simu mwenyewe. Kasema mgonjwa atamngoja, mwongo ndiye hamtaki. Kisha kaniuliza: haya, Masoud, kuna kingine unachonificha?
Nikamwapia hakuna.
Kidole cha mguu wa kushoto kimevimba tangu alfajiri, kama muhogo. Nimeazima viatu vya shemeji, namba 45.