Mvuke wa Mananasi na Tarumbeta Langu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kukusanya Maoni ya Wananchi juu ya Sheria ya Sigara na Sigara za Umeme.

YAH: MVUKE WA MANANASI ULIOHARIBU TARUMBETA LANGU

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pole na kazi. Najua mnapokea barua nyingi, na nyingine zimeandikwa na watu wasio na akili timamu. Kwa hiyo hii naomba uisome ukiwa umetulia, ikiwezekana baada ya chai.

Mimi ni mpiga tarumbeta la kwanza katika bendi ya mtaa wetu, ile inayopiga kwenye harusi, mahafali na maduka yakifunguliwa. Kazi hii naifanya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Ni mvutaji pia, wa sigara ya tumbaku, ya kuwashwa kwa kiberiti, kama watu. Nakuandikia kwa sababu binti yangu, kitinda mimba wangu, anaolewa mwisho wa mwezi huu. Tangu yuko mdogo nilimwahidi kwamba siku akitoka mlangoni na shela lake, atakayempigia ni baba yake na si mtu mwingine. Sasa ahadi hiyo iko hatarini, na mwenye kosa namjua kwa harufu.

Siku kamati yako ilipokuja ukumbini kwetu kuuliza maoni, nilikuwepo. Nilifurahi sana kuona wananchi wanavyoipenda sheria. Mwenye baa alitaka uvutaji upigwe marufuku kila mahali isipokuwa baa, kwa sababu kule watu wanakwenda kupumzika. Mwenye duka alitaka sigara za umeme zifutwe kabisa, na yeye haziuzi. Za tumbaku akasema ziachwe, tusivuruge mambo, na hizo anaziuza moja moja. Mama mmoja alisimama akaongea kwa uchungu kwamba watoto walindwe dhidi ya moshi, kisha akakaa na kumtuma mwanawe akanunue pakiti ya sigara ya baba yake. Ulipouliza nani anaunga mkono sheria kali, mikono yote ilikwenda juu. Hata mimi niliunyosha, ule usio na sigara. Kuja kusoma rasimu, lo! Na mimi nimo ndani! Mheshimiwa, mimi niliunga mkono sheria kali kwa wengine. Ndiyo maana nimeona nieleze malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Rasimu imeweka tumbaku na sigara ya umeme kapu moja. Hilo ni tusi. Moshi wa tumbaku unajulikana, unaonekana, unamkohoza mtu mchana kweupe bila kujificha. Ile nyingine inachomekwa ukutani kama simu! Kitu cha kuchajiwa kitakuwa na adabu gani? Yangu ikizimika naiwasha. Ya Mananasi ikizimika anazunguka kuomba chaja kwa watu wazima.

2. Utauliza Mananasi ni nani. Ni kijana wetu wa tarumbeta la pili, na jina tumempa sisi kwa sababu ya ule mvuke wake. Mazoezini anakaa kulia kwangu. Tunafanyia mazoezi kwenye stoo ya viti vya kukodisha, yenye dirisha moja tu, na hilo lenyewe limezibwa na viti. Kila tukipumzika anatoa kidude chake mfukoni, anavuta, na stoo nzima inanukia kama duka la peremende. Mvuke una unyevu, hilo hata mtoto analijua. Unyevu ule umeingia kwenye tarumbeta langu ukaganda humo humo.

Ushahidi ninao. Wimbo wetu wa kumtoa bi harusi una sauti moja ya juu, ndefu, ambayo mpigaji anaishikilia tangu bi harusi akiwa mlangoni mpaka amalize ngazi. Zamani nilikuwa naishikilia mpaka anaingia garini, na watu wanapiga vigelegele kwa ajili yangu, si yake. Siku hizi akifika katikati ya ngazi tarumbeta linakata. Wa mwisho aligeuka kunitazama, akakanyaga shela. Narudia, ni tarumbeta linalokata. Mimi huwa nabaki naona nyota tu.

3. Nililipeleka kwa fundi wa vyombo vya muziki. Alilifungua, akalisafisha, akalipuliza mara moja tu, na mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Mwenye nyumba wake alitoka bafuni na taulo kuuliza kulikoni. Fundi akasema tarumbeta ni zima kabisa. Halafu akanitazama kifuani, tena kwa muda mrefu. Namshuku sana fundi huyu. Hanuki sigara hata chembe, na mtu asiyevuta chochote hawezi kuwa na maoni ya haki katika suala hili. Naomba achunguzwe.

4. Matokeo yake, kiongozi wa bendi amenihamishia kwenye matoazi. Matoazi, Mwenyekiti! Mtu mzima nasimama nyuma ya ngoma kubwa, sionekani, nasubiri zamu yangu ya kugonganisha vifuniko viwili. Na nafasi yangu kapewa nani? Mananasi! Kiongozi anasema ni kwa muda tu, mpaka hali itulie. Hali ya nini, hakusema.

Mke wangu nilipomweleza, hakunipa hata pole. Alinitolea uvivu kwamba tarumbeta lililobaki humu ndani ni kikohozi changu, na hilo halijawahi kukata hata siku moja. Nadhani na yeye amevuta ule mvuke kwenye nguo zangu wakati wa kufua, ukampanda kichwani.

5. Hili la daktari sikutaka kuliandika. Binti yangu alinidanganya kwamba tunakwenda kupima suti ya harusi. Nikavaa viatu vizuri, nikajikuta hospitali. Daktari akanipa kidude cha plastiki chenye mshale, akaniambia nivute pumzi kisha nipulize kwa nguvu zote. Mimi, niliyepulizia harusi za mji huu, napewa kidude cha kitoto! Nikapuliza. Mshale ulijitikisa kidogo ukakaa. Nikamweleza daktari wazi kwamba chombo chake nacho kimeingia mvuke, akainama akaandika. Binti yangu alikuwa kando amejiziba uso na mkoba. Nikamwambia asilie, baba yake anaandika barua serikalini.

6. Kutokana na hayo yote, naomba sheria iboreshwe kama ifuatavyo. Sigara za umeme zisivutwe mahali popote ambapo tarumbeta linaweza kusikika, na wanaozimiliki wavae kengele shingoni ili tuwasikie wakija. Mananasi yenyewe, namaanisha matunda, yasipitishwe karibu na stoo yetu, maana juzi muuza matunda alipita na toroli nikakohoa mpaka matoazi yakagongana yenyewe. Tumbaku itambuliwe rasmi kuwa kifaa cha kazi kwa wapuliza vyombo wote. Na la mwisho, ambalo ni la haraka kuliko yote: kumbi zote za harusi zipunguziwe ngazi. Zibaki mbili, tatu. Kama serikali haina nafasi ya kubomoa kabla ya mwisho wa mwezi, basi ianze na ule ukumbi wa binti yangu, hizi kumbi nyingine zinaweza kusubiri.

Nisalimie wajumbe wote, yule dada aliyekuwa anaandika maoni yetu kwa haraka bila kututazama, mzee aliyelala tangu mwanzo wa mkutano mpaka mwisho, na dereva wenu, ambaye bado ana kiberiti changu.

Ni mimi, mtiifu kwa sheria zote zinazowahusu wengine,

Mpiga Tarumbeta la Kwanza
(kwa sasa Matoazi)

N.B. Tarumbeta nimeliambatanisha kama ushahidi. Amelipandisha mke wangu, kwa kuwa ofisi yenu iko ghorofa ya pili na mimi nimebaki chini namsubiri. Mpeni mjumbe yeyote mwenye kifua kizuri alipulize. Likimkatikia, barua yangu isomwe hadharani. Likilia vizuri mpaka mwisho, basi msimwambie mtu. Mpeni Mananasi alipige siku ya harusi ya binti yangu, ila kwanza mnyang'anyeni kile kidude. Sauti ile ni ndefu, na mimi nataka mwanangu afikishwe mpaka garini.