Soprano wa Siku Hizi Hawaimbi

Kijiwe chetu kiko Mpemba, hapa Tunduma, kwenye mabenchi mawili ya Dada Jenista muuza kahawa, nyumba ya tatu kutoka mashine ya kusaga mahindi. Mashine ikiwaka, hapa unachagua: upige kelele au unyamaze. Kunyamaza sisi hatukufundishwa na mama zetu.

Juzi asubuhi umeme ulikatika, mashine ikazima, ndipo tukagundua kumbe redio ya betri ya Jenista inaongea. Ikatangaza kwamba wakaguzi wa usalama kazini wanapita kwenye mashine za nafaka na kipimo cha kelele, na Alhamisi wafanyakazi watapimwa masikio, bure.

"Sembe, hao wanakuja kwako!" akaruka Kwacha, kijana anayebadilisha pesa pale mpakani. Kazoeana na Wazambia mpaka salamu zake nusu Kibemba, na kila mzee kwake ni bamudala. "Bamudala, jiandae!"

Sembe ni Gasper, mtu mzima, mwendesha mashine ile kwa miaka kumi na tisa. Jina kapewa kwa sababu huwa anakuja kijiweni mweupe kuanzia kope hadi viatu. Asubuhi ile hakuna mashine, hakuna vumbi, hakuna kelele hata ya kuku, na bado kichwani alikuwa amevaa zile hedifoni kubwa za njano za kuzuia kelele, walizogawiwa na bosi wao mwezi uliopita. Akainua upande mmoja.

"Waje tu. Masikio yangu mazima."

"Sasa mbona umeyafunika?" akauliza Foleni. Huyu ni Lusubilo, dereva wa lori. Tukimwona hapa siku tatu mfululizo tunajua foleni ya kuvuka mpaka haijasogea.

"Baridi. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na pikipiki, upepo huu wa Juni unauona mwenyewe. Hizi zina joto, ndugu yangu, acha kabisa."

"Na mashine ikiwaka?"

"Navua."

Jenista akasimama na birika mkononi. "Unavua?"

"Naziweka kwenye mfuko, naning'iniza ofisini. Ndani zina sponji, pumba zikiingia zinaharibika. Na tumesaini, kila mtu na yake. Nikiziharibu utanisemea wewe?"

Kwacha akashika tumbo. "Subiri, bamudala, nielewe. Kelele ikianza, unavua. Kelele ikiisha, unavaa."

"Ndiyo kutunza vitu huko. Nyie vijana mnajua kutunza nini?"

"Huyu ana mwavuli," akasema Foleni, "mvua ikianza anaukunja usilowe."

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Sembe hakutetereka, akakohoa kama mwinjilisti anayeanza somo.

"Chekeni. Mashine inaendeshwa kwa sikio. Mahindi yakiisha inalia kivyake, chekecheo ikitoboka inalia kivyake. Wewe Foleni, ungeendesha lori umeziba masikio?"

Foleni akakuna kidevu. "Hapo kanibana."

"Kakubana wapi?" akaingilia Jenista. "Hazizibi zote hizo, zinapunguza. Wenzake wawili wanavaa na mashine haijafa. Sikio la kufa halisikii dawa, Baba Violet." Jenista humwita Sembe kwa jina la binti yake.

"Unaona? Wewe ndio shida yangu kubwa. Siku hizi unaongea chinichini kama unamteta mtu. Hawa nawasikia vizuri, wewe mpaka nikuangalie mdomo."

"Mimi? Mimi ninayemwita mteja kutoka ng'ambo ya barabara?"

"Mambo yote yamepooza Tunduma hii," Sembe akaendelea, sasa amepamba moto. "Hata ndege wamehama, asubuhi husikii hata mmoja. Kwaya je? Nimeimba besi miaka ishirini na tatu. Nawaambia, soprano wa siku hizi hawaimbi! Wanapanua midomo tu, na mwalimu anawatazama. Nilipomshauri awakaripie, akanihamisha nikae nyuma nilinde spika. Wivu."

Foleni akaweka kikombe chini. "Mke wangu Recho ni soprano pale."

"Basi mwambie aimbe."

"Jumapili nilimsikia, nami nilikuwa barabara ya pili, naosha lori."

"Labda anaimbia madereva peke yao," akasema Kwacha, lakini kicheko kilichotoka kilikuwa kidogo. Jenista hakucheka kabisa, na juu ya paa ndege walikuwa wanagombana.

Simu ya Sembe ikatetemeka benchini. Uso ukamchanua, halafu ukanuna. "Violet, binti yangu anayekaa Isansa. Tangu mjukuu wangu afikishe mwaka ananitumia sauti kila wiki, na hajui kutuma. Yeye namsikia, ana sauti nzito kama yangu, akisema, 'Haya, sema, sema,' halafu basi, ananitumia ukimya. Sikilizeni wenyewe."

Akavua hedifoni, akaongeza sauti mpaka mwisho, akabonyeza.

"Haya, sema, sema," akasema Violet.

"Babu!" Kisauti chembamba. "Babu! Babuuu!" Halafu kicheko cha mtoto anayetekenywa, halafu babu nyingine tano hivi.

Sembe alikuwa ameikazia macho simu, midomo kaibana. "Mmeona? Kimya."

Mimi nimezaliwa na mdomo wa kutania, lakini pale nilimgeukia Jenista. Niliumia, sisemi uongo. Kwacha aliangalia viatu vyake. Ni Jenista aliyefuta mikono kwenye kanga, akainama karibu na uso wa mzee.

"Baba Violet! Mtoto anakuita babu!"

"Wapi?"

"Humo. Sasa hivi. Sisi wote tumesikia."

Akatutazama mmoja mmoja, akitafuta anayecheka. Hakumpata. Kwacha akaichukua simu kwa adabu, akafungua sauti za nyuma, moja baada ya nyingine. Kila moja ilikuwa na mtoto. "Tangu Pasaka, bamudala."

"Na mimi nikamwambia mama yake akatengeneze simu." Sembe akajifuta uso kwa kiganja. "Kwa hiyo soprano?"

"Wanaimba, mzee wangu," akasema Foleni polepole. "Wanaimba sana."

"Masikio yatarudi?"

Jenista hakumdanganya. "Redio imesema yaliyokwenda mara nyingi hayarudi. Unalinda yaliyobaki. Huyo mtoto atakua, sauti itakomaa. Uwe na cha kumsikilizia."

Hapo hapo umeme ukarudi. Mashine ikanguruma, benchi likaanza kutetemeka. Sembe akainuka, hedifoni mkononi, na mguu ukampeleka kwa mazoea upande wa ofisi, kule kwenye msumari wake wa kuzining'inizia. Akasimama katikati ya njia. Akazivaa, akazikandamiza kwa mikono miwili, akageukia mlango wa mashine.

"Pumba zitaingia kwenye sponjiii!" Kwacha akapiga ukelele.

Hakugeuka. Alipofika mlangoni ndipo akakumbuka kitu, akarudi mbiombio mpaka kwa Jenista, akainua upande mmoja.

"Alhamisi nitachelewa kahawa, nakwenda kupimwa. Na nitafutie kofia ya sufu, yenye kufunika masikio."

"Si unazo hizo za baridi?" nikamchokoza.

"Hizi," akasema, "zimeanza kazi leo."