Mpwa Wangu Mmemleta Nusu

Kitangari, Newala

Ndugu Meneja wa Shirika la Ndege,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama hujanizidi, yako naipokea kuanzia sasa. Mimi ni Alfredi, mkulima wa korosho, mjomba wa abiria wenu Yoeli, mtoto wa dada yangu Bernadeta. Kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni mzigo wa mjomba, ndiyo maana malalamiko haya nayaandika mimi.

Yoeli alikwenda Kanada kusoma, akapata kazi, akakaa huko miaka mingi. Mwaka huu nilimwita aje kuoa, akapanda ndege yenu. Tuliyempokea stendi ya Newala wiki iliyopita alikuwa na mikono, miguu na masanduku mawili, lakini usingizi wake na akili zake mlivisahau njiani. Anasema saa za kule si saa za huku, ndege ikamvusha upesi mno, mwili ukashindwa kufuata. Madhara yake ni haya:

1. Siku ya kufika, dada yangu alimpikia ugali wa muhogo na kuku wa kuungwa kwa korosho. Majirani wakajaa uani. Yoeli akaja mbele yangu, akainama, akasema, "Shikamoo, Mjomba," na kabla sijaitikia alikuwa amelala kitini. Nikabaki na marahaba yangu mdomoni. Nilipomtikisa akasema, "Nisamehe, Mjomba, kule sasa hivi ni usiku." Ndugu Meneja, kule ni usiku, na huku je? Kuku alikuwa wa huku.

2. Kanisani alikoroma wakati wa mahubiri. Hili silikuzi, maana hakuwa peke yake. Ila wenzake walilala kwa saa za Newala.

3. Hili ndilo linaloniuma. Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na Mzee Dastani wa Chilangala kuhusu binti yake, Oliva. Tukaenda mimi, dada yangu na Yoeli, tumevaa vizuri, tukakaribishwa mkekani. Mzee Dastani akauliza, "Kijana, binti yetu umemwona. Unasemaje?" Yoeli akajibu kwa mkoromo, kichwa amekilaza kwenye bega la mama yake Oliva. Bega la mama mkwe! Mtu ambaye kwetu hata kumkazia macho ni kukosa adabu! Oliva akatua sinia chini, akauliza kwa sauti ya kutosha, "Baba, mnataka niolewe naye au nimlee?" Dada yangu alilia njia nzima ya kurudi. Anangoja mjukuu tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Nimejaribu kuwaelewa, nimeshindwa. Mimi huteremka Masasi kila msimu, kutoka huku juu hadi bondeni, na sijawahi kufika nikawaambia watu kwamba mwili wangu bado uko Newala, wanisubiri. Basi letu bovu, lenye viti vilivyochanika, humfikisha mtu akiwa mzima na usingizi wake. Ninyi mna ndege yenye televisheni kwenye kila kiti, na kazi ya basi la Newala imewashinda.

Kwa hiyo nadai, kwanza, sehemu ya Yoeli iliyobaki iletwe kwa ndege ijayo. Atakayetumwa aulizie kwa Alfredi, karibu na kituo cha maji, ataonyeshwa. Pili, ndege zenu ziende taratibu. Kila saa zinapobadilika zitue, abiria washuke, walale, waamke, ndipo safari iendelee. Kama hilo ni zito, basi dunia nzima ifuate saa ya Newala. Sisi tuko juu, jua tunaliona kabla ya Masasi, na nadhani hata kabla ya Kanada. Mwisho, mtumeni mkubwa mmoja mwenye tai aende Chilangala, amweleze Mzee Dastani kwamba kijana wetu si mvivu, bali mmemharibu ninyi.

Nisalimieni rubani, wagawa chakula, na yule anayeonyesha namna ya kufunga mkanda. Nasikia huyo anapenda abiria afike na viungo vyake vyote.

Ni mimi, ninayewasubiri kwa hasira na heshima,

Alfredi wa Kitangari

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, binti yangu Priska amefika kutoka Masasi, anakouza duka. Amemkuta Yoeli amelala sebuleni, akashangaa. "Baba, huyu si alikuwa Masasi tangu mwezi uliopita? Kila alfajiri alikuwa anapita dukani kwetu akikimbia mazoezi na Mwalimu Esther, yule wa Mbeya." Nikamwendea Yoeli, nikainama sikioni pake, nikasema, ingawa si kweli, "Chilangala wameghairi." Akafumbua macho yote mawili. "Kweli, Mjomba?" Akaoga, akala chakula cha watu wawili, akaniomba nimsindikize Mbeya kumposa Esther. Anasema alishindwa kunikatalia usoni. Dada yangu anacheka, yeye aliyekuwa analia! Hadi naandika haya, kijana hajapiga hata mwayo.

Barua naituma hivyo hivyo. Nijibuni upesi, kwa karatasi yenye muhuri, mkikiri kwamba kosa ni lenu. Mzee Dastani anajua kusoma.