Posa Arobaini na Moja Chini ya Visahani

Kwa Meneja,
Hoteli ya Umoja Mlimani,
Lushoto.
14 Juni 1969

Ndugu Meneja,

YAH: WAGENI WAKO KUMPOSA MPWA WANGU NA KUTOROKA

Nakuandikia kwa adabu zote. Mimi si mtu wa kulalamika ovyo. Nimesoma mpaka darasa la tatu, na la nne nililisikiliza dirishani mwaka mzima, kwa hiyo nalo nalihesabu. Nimepigana na Wajapani huko Bama, vita vya Mwingereza, ambako jenerali mzima hakulala mpaka aniulize, "Shekigenda, leo adui yuko upande gani?" Hata barabara ya kutoka Mombo, marehemu baba ndiye aliyewaonyesha Wajerumani pa kupinda, ndiyo maana ina kona nyingi, kwani alikuwa mtu wa kufikiri sana. Najieleza hivi ili ujue kuwa anayekuandikia anayajua mambo.

Mwanamwema, anayewapa wageni chai hapo hotelini kwako, ni mtoto wa marehemu dada yangu, nami ndiye niliyemlea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wiki yake ya kwanza kazini, Mzungu mmoja wa mambo ya misitu alimaliza chai, akaikunja shilingi ndani ya kile kikaratasi cha kufutia midomo, akaiweka chini ya kisahani, akaondoka bila kusema neno wala kugeuka nyuma. Mwanamwema akaileta nyumbani akicheka: "Mjomba, ni bakshishi hiyo." Nikamwambia, "Mwanangu, wewe umezaliwa juzi." Ndugu Meneja, kwetu huku mwanamume mwenye haya akimtaka binti hasemi mwenyewe. Hufunga fedha kwenye leso, zikapelekwa, naye akakaa mbali kungoja jibu. Yule bwana alifanya sawasawa kabisa, ila mshenga wake alikuwa kisahani. Nikaiweka shilingi kashani, nikachinja jogoo, nikaita wazee watano. Tulingoja mpaka mchuzi ukaganda. Baadaye nikasikia yuko Nairobi.

2. Tangu hapo posa hazijakatika. Leo ninazo arobaini na moja, kila moja na karatasi yake. Yumo bibi wa Kizungu mwenye mvi aliyeacha sumni, nusu shilingi tu. Huyo nilimwelewa, anamposea mwanawe, lakini hata jina la kijana hakuliacha. Yumo padre, ambaye simsemi zaidi kwa kuwa ana mkubwa wake wa kumuuliza. Yumo pia kiongozi aliyekuja kwa gari kutufafanulia Azimio la Arusha. Azimio limemkataza kiongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Sasa huyu, mwenye mke Dar es Salaam, anawekaje akiba ya mwingine chini ya kisahani? Jambo hili, kwamba fedha chini ya kisahani ni posa, nimelifundisha sokoni Jumapili mbili mfululizo, na hata watu waliokuja kutoka Korogwe kununua viazi wakaelewa.

3. Hapa ndipo penye maumivu. Mbaraka wa Vuga, mkulima wa kabichi, kijana wa kazi, ameleta posa kwa leso kupitia kwa baba yake mdogo. Mwanamwema anamtaka. Mimi pia ningempokea, lakini nitampokeaje akiwa wa arobaini na mbili? Akanijia mwenyewe: "Shikamoo mzee. Basi na mimi niende nikanywe chai pale, niache yangu?" Nikamwambia foleni ni foleni, hata kwenye duka la ushirika. Mwanamwema sasa ana wiki tatu hanisemeshi, na chakula anakipika bila chumvi. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Mjomba, kama wanaume wote hao ni wangu, niombee shamba tuanzishe kijiji cha ujamaa." Sikuona cha kucheka.

4. Kwa hiyo naomba uwaandikie wageni wote arobaini na mmoja waje kabla mwezi haujaandama, au wakiri kwa maandishi kwamba wameshindwa. Pili, kila meza iwekwe tangazo: "Mgeni anayeacha fedha ataje jina la baba yake, ukoo, na idadi ya wake alionao." Tatu, hoteli ilipe mbuzi mmoja kwa ajili ya jogoo wangu, maana uchumba umefanyika chini ya paa lenu. Bila hivyo, mwisho wa mwezi namtoa Mwanamwema kazini, na kwa Mbaraka haendi.

Nisalimie mpishi, mfagizi, mlinzi wa mlangoni, na wageni wote ambao bado hawajanywa chai.

Ni mimi mzazi wa binti, nikiwa na subira iliyobaki kidogo,
Ramadhani Shekigenda

N.B. Bahasha nilikuwa nimeigandisha kwa ugali, nimeifungua tena. Mwezi uliopita nilishuka Korogwe kwenye mkutano wa ushirika, nikanywa chai mgahawani. Aliyenihudumia ni mjane mmoja wa Magoma aitwaye Jenoveva. Ili ajue amemhudumia mtu aliyefika Bama, niliacha shilingi chini ya kisahani. Leo asubuhi kaka zake watatu wameileta ikiwa ndani ya leso, wamekaa uani kwangu, na wameshakula mara mbili. Nimewaambia ni bakshishi. Mkubwa wao, Sefania, akanijibu kwa upole, "Shemeji, hata sisi tulidhani hivyo, mpaka tulipoyasikia mafundisho yako ya sokoni." Mke wangu Zuhura amelisikia hilo neno "shemeji". Anatoa vitu vyangu nje, kimoja kimoja, bila haraka.

Basi malalamiko namba 1 mpaka 4 nimeyafuta. Naomba hati fupi yenye muhuri wa hoteli, isemayo kwamba bakshishi ni bakshishi, si posa, na haijapata kuwa posa tangu dunia iumbwe. Anayekuletea barua hii ni Mbaraka. Akirudi na muhuri kabla ya alasiri, Mwanamwema ni wake.